Udongo kwa Bei, Nyumba Bure

Ripoti ya mthamini ilikuwa na kurasa nyingi, picha za rangi, ramani na muhuri, lakini habari yenyewe ilikaa kwenye mistari miwili. Wa kwanza ulitaja thamani ya ardhi, tarakimu ndefu ya kumfanya mtu avue miwani aifute. Wa pili ulitaja thamani ya jengo, na mbele yake palikuwa na kistari tu. Chini, kwa herufi ndogo, mthamini alieleza kwamba jengo lililopo limepitwa na wakati, mnunuzi yeyote wa kawaida atalibomoa, na gharama ya kulibomoa ingefaa kuondolewa kwenye bei.

Jengo lenyewe ni nyumba ya vyumba sita vya kulala: kuta za mawe yaliyochongwa kwa mkono, milango ya mvule, paa la vigae vyekundu, baraza pana inayozunguka pande tatu. Iko Parklands, mtaa wa Nairobi, kwenye nusu eka, na umri wake unakaribia miaka mia. Sisi hatukuwa wanunuzi wa kawaida, au pengine hatukuwa na akili za kawaida. Mume wangu na mimi tunatofautiana hapo. Lakini kistari kile ndicho kilichonionyesha ni biashara gani tuliyokuwa tukiifanya. Nairobi, ukinunua nyumba kuukuu, unalipia udongo. Nyumba unapewa bure, halafu unaanza kulipia haki ya kutoibomoa, na malipo hayo hayana risiti wala mwisho.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimekulia Mji wa Kale, ambako nyumba ya miaka mia ni nyumba tu, tena pengine ndiyo mpya kushinda za majirani. Fort Jesus, iliyoanza kujengwa 1593, tulikuwa tukiipita tukienda madrasa bila kuinua macho. Lamu kuna majumba ya mawe ya karne ya 18 ambamo watu wanapika, wanazaa na kugombana hadi leo. Kwa hiyo nilipohamia Nairobi nilishangaa kusikia watu wakiita "za kale" nyumba zilizo rika moja na bibi yangu. Baadaye nikaelewa kwamba mji wenyewe ni mtoto. Reli ilifika hapa 1899, penye maji baridi ambapo Wamaasai walinyweshea mifugo yao, na miaka michache baadaye makao ya serikali yakang'olewa kwetu Mombasa yakaletwa huku. (Kinyongo hicho tunacho bado.) Nyumba ya mwandishi Karen Blixen, ambayo watalii hulipia kiingilio, ilijengwa 1912. Klabu ya Muthaiga ilifunguliwa 1913. Nyumba ya miaka ya 1920, basi, imeushuhudia karibu mji wote ukizaliwa.

Na mji huu hauna huruma na wazee wake. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga miaka ya 1970 akitarajia iwe kituo cha utafiti na utamaduni. Ilibomolewa. Mwenyewe amezikwa kwenye bustani ya City Park, si mbali na kwetu. Ikiwa nyumba ya makamu wa rais haikupona, ya karani asiyejulikana hata jina itaponaje? Iko Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006, ambayo humruhusu waziri kutangaza jengo kuwa la kihistoria, na likishatangazwa haliguswi ovyo. Lakini ni nadra nyumba za kukaa watu zikafika kwenye orodha hiyo. Yetu haimo, na sidhani kama kuna aliyewahi kuipendekeza.

Sasa hela, maana najua ndiyo inayongojewa. Bei halisi sitaitaja. Wenye mali ni watatu na wawili kati yao hawataki. Eka moja ya Parklands siku hizi huzungumzwa kwa mamia ya milioni, basi kila mtu apige hesabu yake. Benki hatukuikaribia. Mikopo ya kununua nyumba ni takriban 30,000 tu nchi nzima, nchi yenye watu zaidi ya milioni 50, na riba zake hukufanya uelewe kwa nini. Hela ilitoka Ruaka. Mama mkwe wangu alikuwa na shamba huko, la kahawa, kisha la majani ya ng'ombe, kisha la kutazamwa na mabroka kutoka barabarani baada ya barabara ya Northern Bypass kupita na jengo la maduka la Two Rivers kufunguliwa 2017. Aliligawa kwa watoto wake watatu angali hai na akili zake timamu, jambo ambalo ningemsihi kila mzazi mwenye ardhi Kenya alifanye. Watoto hao, yaani mume wangu, shemeji na wifi, waliuza kwa mjenzi mmoja wa fleti. Hesabu ya kila mmoja peke yake ingempatia nyumba ya kawaida kwenye mtaa wenye lango moja nje ya mji. Zikiwekwa pamoja, zilitosha nusu eka hii.

Ndiyo, tuliuza shamba lijengwe ghorofa, tukanunua nyumba ili pasijengwe ghorofa. Wifi yangu huuita unafiki na huwa simbishii sana. Mama mwenyewe hakuona tatizo. Siku tuliyomleta kuangalia hakuuliza chochote kuhusu milango ya mvule. Alitoka nyuma, akachimba kidogo kwa ncha ya fimbo yake, akauona udongo mwekundu, akasema, "Hapa angalau kitu kitamea." Alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Upande wa kusini na mashariki ya Nairobi kuna ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, na nyumba iliyokaa juu yake bila msingi wa kina huonyesha nyufa kila mwaka. Parklands ina udongo mwekundu uliotulia. Kuta zetu zimesimama karne nzima na nyufa zake ni za kuhesabika, nyingi zikiwa ni za mizizi ya mjakaranda mmoja mkubwa, wala si za msingi.

Karatasi ndizo zilizotula.

Wauzaji walikuwa familia ya Kihindi iliyokaa humo vizazi vitatu. Bibi mzee wa nyumba alifariki akiwa peke yake na mtumishi wake. Watoto walikuwa Leicester, Toronto na mmoja hapa hapa Nairobi. Sheria ya Mirathi iko wazi: mtu akifa, walio hai hupewa na mahakama mamlaka ya kusimamia mali, tangazo hutoka kwenye gazeti la serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na mamlaka hayo huthibitishwa miezi sita ikishapita. Kabla ya kuthibitishwa, ardhi haiuzwi. Watu wengi Nairobi wamelipa amana kwa "mwana wa marehemu" aliyeshika hati mkononi na uthibitisho hana. Wakili wetu, mama mmoja wa makamo asiyecheka hovyo, alitukataza kutoa hata shilingi mpaka auone ule uthibitisho kwa macho yake. Mabroka walikuwa wakituambia kuna mnunuzi mwingine yuko njiani kutoka uwanja wa ndege. Mnunuzi huyo alikuwa njiani kwa muda mrefu sana.

Hilo lilikuwa dogo. Kubwa lilikuwa ni kwamba miaka ya ardhi yenyewe ilikuwa inakwisha.

Viwanja vya mjini vya enzi za ukoloni vilitolewa kwa mkataba wa miaka 99. Ile miaka 999 inayosikika kwenye masimulizi ilikuwa hasa ya mashamba ya walowezi, kwa sheria ya ardhi ya 1915. Mkataba wa kiwanja hiki ulianza 1926. Tulipokuja kukitazama kilikuwa kimebakiwa na miaka isiyotimia mitatu. Fikiria hapo: unaombwa mamilioni kwa kitu ambacho, kwa mujibu wa karatasi, kitarudi serikalini kabla mtoto aliye darasa la sita hajaingia kidato. Sheria ya Ardhi ya 2012, kifungu cha 13, humpa aliyekuwa akimiliki kipaumbele cha kupewa tena, mradi awe raia wa Kenya na mradi ardhi haihitajiki kwa matumizi ya umma. Na Katiba ya 2010 ilishasema kwamba asiye raia hamiliki ardhi ila kwa mkataba usiozidi miaka 99. Sasa angalia familia ile: wa Leicester na wa Toronto walishachukua uraia wa huko zamani, wakati ambapo Kenya haikuruhusu uraia wa nchi mbili, na hawakuwahi kuurudia wa kwao. Aliyekuwa na kitambulisho cha Kenya ni yule mmoja aliyebaki. Biashara nzima, na nyumba yenyewe, ilining'inia kwenye kitambulisho cha mtu mmoja ambaye siku moja alikuwa amechoka baridi la majuma mawili Uingereza akaamua arudi Ngara kuuza vipuri.

Tukakubaliana kwamba waongeze miaka kwanza, ndipo tununue. Kwenye kuongeza miaka, kaunti huulizwa, wapanga miji huulizwa, wapimaji huulizwa, kisha hupangwa kodi mpya ya ardhi ya kulipwa kila mwaka, na hiyo mpya haifanani hata kwa mbali na ile ya kikoloni ambayo ilikuwa ya kununulia soda. Katikati ya hayo, namba za viwanja Nairobi nazo zilikuwa zikibadilishwa, zile namba ndefu za L.R. zinazoanza na 209 zikigeuzwa kuwa za bloku, na kumbukumbu zikihamia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Ardhisasa uliozinduliwa Aprili 2021. Kwa hiyo nyumba ilikuwa na namba ya zamani kwenye hati, namba mpya kwenye kompyuta, na mkataba wenye tarehe ya kufa. Ushauri wangu kwa anayefuata njia hii ni mfupi: kabla hujauliza vyumba ni vingapi, uliza mkataba ulianza mwaka gani. Kila kiwanja cha miaka ya 1920 mjini hapa kimefika, au kiko mlangoni.

Amana ni asilimia 10, kumalizia ni siku 90 kwa desturi, na desturi hiyo iliongezewa siku mara nyingi. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, na thamani ni ile ya udongo, kwa hiyo anayehifadhi hulipa sawasawa na anayebomoa. Kodi ya faida ya mauzo ilipanda kutoka asilimia 5 hadi 15 kuanzia Januari 2023. Kisheria ni ya muuzaji. Lakini Nairobi mzigo wa muuzaji hujua njia ya kuingia kwenye bei.

Kwenye furushi la karatasi tulizokabidhiwa mlikuwa na nakala ya mkataba wa mwanzo, imepigwa taipu, herufi zingine zimefifia. Nilikaa nayo barazani nikaisoma yote. Mwenye kiwanja ajenge ndani ya miezi 24. Asifungue duka. Vyoo viwe umbali fulani. Halafu, katikati ya masharti ya mifereji na uzio, sharti kwamba jengo lisikaliwe na Mwasia wala Mwafrika, isipokuwa mtumishi wa nyumba. Limeandikwa kwa sauti ile ile ya masharti ya vyoo. Hati nyingi za mitaa ya juu enzi hizo zilikuwa nalo. Waraka wa Devonshire wa 1923, wa serikali ya Uingereza, ulikuwa umeondoa ubaguzi rasmi wa makazi dhidi ya Wahindi mijini, huku ukiwaachia Wazungu nyanda za juu, lakini masharti hayo yaliendelea kuandikwa kwenye mikataba ya viwanja. Parklands iliishia kuwa ya Wahindi hata hivyo: Wazungu walisogea Muthaiga na kwingineko, nyumba zikauzwa, na familia ile iliyotuuzia ikaingia kwenye nyumba ambayo karatasi yake ilikuwa ikiwakataza.

Nilimfasiria mama lile sharti. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Kwa hiyo mimi wangeniweka wapi?" Nikamwonyesha SQ, yaani makao ya mtumishi, vyumba viwili vidogo huko chini kabisa nyuma ya mparachichi, mlango umeelekezwa ukutani ili mwenye kulala humo asiione bustani. Akaenda kuviangalia. Alirudi akasema hivyo vifanywe stoo ya jembe, na yeye apewe chumba cha mbele chenye madirisha mawili. Ndicho alichonacho.

Niseme sasa habari za mawe, na hapa mwenye haraka na apite.

Mawe ya Nairobi ni ya volkano, majivu ya kale yaliyoshikana, rangi ya kijivu, laini kiasi cha kuchongeka kwa patasi. Siku hizi hukatwa kwa mashine huko Ndarugo na kila jiwe hufanana na mwenzake. Yetu yalichongwa kwa mkono na hayafanani. Ukitembeza kiganja ukutani asubuhi jua likiwa chini, unahisi mistari ya patasi, na mafundi walikuwa zaidi ya mmoja: kuna mwenye mistari ya mlazo, mifupi mifupi, na kuna mwingine aliyekuwa akigonga kwa nukta tu. Ukuta wa jikoni wameuchanganya. Wa mbele, unaoonekana na wageni, ni wa yule wa mlazo peke yake.

Kilichoyashikanisha ni chokaa, saruji haimo kabisa. Hapo ndipo damu yangu ya Mji wa Kale ilipoamka. Fundi wa kwanza tuliyemleta aliangalia nafasi kati ya mawe, chokaa imemomonyoka, akasema kazi ndogo hiyo, mifuko kadhaa ya saruji na siku chache. Nikamwambia, fundi, hapana. Saruji ni ngumu kuliko jiwe hili. Ukuta mzee hunywa maji ya mvua na kuyatoa kupitia viungio vyake; ukiviziba kwa saruji, maji hutafuta njia kupitia uso wa jiwe, na jiwe huanza kubanduka ganda baada ya ganda. Tayari upande mmoja wa baraza kuna mtu aliwahi kufanya hivyo, na mawe yake yameliwa kuingia ndani huku saruji imebaki imesimama kama fremu za picha zisizo na picha. Nilimpeleka akaone. Akatazama, akajikuna, akasema, "Sasa mama, hiyo chokaa yako ndiyo itashika?"

Babu yangu mzaa mama alikuwa fundi wa chokaa. Nilimpigia mjomba Mombasa, akacheka kwanza, kisha akanitajia vipimo kama anayesoma: chokaa ya moto izimwe kwenye maji, tena pole pole, maana huchemka na kurusha; ikishapoa iachwe chini ya maji wiki kadhaa, ikae ikawe laini kama siagi; mchanga uwe mkali, usiwe wa vumbi; ukuta ulowanishwe kabla; na usifanye kazi jua la saa sita. Tulichimba shimo karibu na SQ tukaiweka humo. Fundi alikuwa akipita kila asubuhi kuchungulia kana kwamba kuna kitu kitatoka. Tulipoanza kuitumia, alibana kiungio cha kwanza, akakisugua kwa gunia, akarudi nyuma hatua tatu. Hakusema neno. Kesho yake alikuja na mdogo wake ajifunze.

Paa ni la vigae vya Mangalore, India. Kiwanda cha kwanza cha vigae hivyo kilianzishwa huko na Misheni ya Basel miaka ya 1860, vikasambaa pwani zote za Bahari ya Hindi kwa meli. Ukikigeuza kigae, upande wa chini kuna jina la mji limegongwa kwenye udongo kabla haujachomwa. Vya kwetu vilishuka Mombasa, vikapanda treni. Vilivyopasuka vilihitaji wenzao, na hakuna anayeviuza vipya kwa kipimo hicho hapa. Vinapatikana kwenye yadi za vitu vya majumba yaliyobomolewa. Hizo yadi ni elimu. Utakuta milango ya mvule imeegemezwa kwenye uzio wa mabati, vitasa vya shaba kwenye ndoo, mabafu ya chuma yamejaa maji ya mvua, fremu za madirisha na vioo vyake. Muuzaji anajua kila kitu kilitoka mtaa gani. "Hii ni ya Kilimani. Hii ya Upper Hill. Hii ya Parklands, nyumba ile ya kona, unaijua?" Niliijua. Nilikuwa nikiipita kila siku nikienda kazini. Vigae vyake sasa viko juu ya chumba cha wanangu.

Mengine yalikuwa kazi ya kawaida ya nyumba kuukuu na hayana hadithi. Nyaya za stima zote zilitolewa. Plagi zilikuwa bado za pini za mviringo na mwenye kushika swichi alipaswa kusoma dua. Mabomba ya chuma yalikuwa yamejaa kutu hadi maji yanapita kwenye tundu la penseli. Sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe, kila nguzo imevikwa kofia ya bati ili mchwa washindwe kupanda, ujanja ambao bado unafanya kazi; palipoharibika ni pale mtu alipoziba matundu ya hewa ili panya wasiingie, na unyevu ukaozesha alichokiacha mchwa.

Kuhusu majirani. Kushoto ghorofa, kulia ghorofa, nyuma, kwenye nusu eka nyingine iliyokatwa na kuuzwa zamani, msingi unachimbwa. Jua la alasiri tunalipoteza mapema, upande wa magharibi ukishaingia kwenye kivuli cha jengo. Kamba ya nguo inaonekana na watu zaidi ya mia kutoka roshani zao, na kuna mtoto mmoja wa ghorofa ya juu ambaye huwahesabia wanangu mabao wakicheza mpira. Kitu ambacho sikukitarajia ni maji. Viwanja vya jirani vimesakafiwa kutoka ukuta hadi ukuta, hakuna pa kunywa mvua. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalipokuja, maji yao yalitiririka kwetu kwa sababu kwetu ndiko kuna udongo uliobaki wazi. Bustani ilikuwa ziwa usiku kucha, asubuhi ikawa imeyameza. Hakuna jirani aliyejua. Nilitamani kuwapelekea bili.

Mabroka hupiga simu. Siku hizi hawasemi "uza". Wanasema "tushirikiane": wewe unatoa ardhi, mwekezaji analeta pesa, unapewa fleti kadhaa na bado jina lako liko. Wengine ni wastaarabu sana. Mmoja alimtumia shemeji mchoro wa jengo lenye bwawa la kuogelea juu ya paa, likiwa limepewa jina la mti wetu, ule mjakaranda ambao mchoro wenyewe ulikuwa umeukata. Shemeji hakuufuta mchoro ule kwenye simu yake. Najua kwa sababu mkewe aliniambia.

Ndiyo maana tulibishana sana kuhusu namna ya kuandikisha umiliki, na nafurahi tulibishana mapema. Kuna umiliki ambao mmoja akifa sehemu yake huwaendea wenzake walio hai. Huo kwa mume na mke unafaa. Kwa ndugu watatu wenye watoto ni kutafuta kesi. Tulichukua ule wa hisa, kila mmoja na sehemu yake iliyoandikwa, inayorithiwa na wake. Juu yake wakili akatuandikia mkataba wa sisi kwa sisi: anayetaka kutoka awauzie kwanza waliobaki, na awape miezi kadhaa ya kutafuta. Kwenye makaratasi linapendeza. Kwa hesabu, hakuna kati yetu anayeweza kumnunua mwenzake; bei ya udongo itakuwa imetukimbia zamani. Kifungu kile kinatulinda kwa kadiri ile ile ambayo hakuna anayetaka kukitumia.

Basi tunaishi. Familia tatu na mama, jikoni mbili, mita moja ya maji. Tuna kikao kila mwezi barazani, na wifi ndiye katibu, mkali kuliko wakili. Shemeji anataka kujenga nyumba ndogo mbili nyuma za kupangisha, ili zilipe kodi ya ardhi na reti za kaunti. Mimi nilipinga, halafu nikaona bili ya kodi mpya, na sasa napinga kwa sauti ya chini. Mume wangu anataka kung'oa ua la kayaba ajenge ukuta wa mawe. Hilo halipiti: hakuna mwizi aliyewahi kupenya miiba ile, na ukuta una bei.

Vita vya sasa ni vya mama na kima wa City Park. Alilima pale palipokuwa na maua ya waridi, akapanda mahindi, nduma, sukuma wiki na migomba. Kima huja kwa kupitia kamba za stima na mparachichi, dume moja likitangulia, na wameshajua kwamba saa nane mama hulala. Ametundika kanda za kaseti zinazong'aa, zikawavutia. Ameweka sanamu yenye koti la mzee, dume likakaa begani mwake likila ndizi. Sasa anataka mbwa. Wifi anawaogopa mbwa tangu utotoni na anasema mtoto wake ana pumu. Jambo hilo limewekwa kwenye ajenda ya mwezi ujao, baada ya gata za upande wa jikoni na kabla ya suala la nani alitumia maji yote Idd.